Sayo Aliyeolewa Mara Mbili

Yaya Monga,

Kaseti ya mwisho imefika. Uliisubiri tangu binti yako hajazaliwa, ukawasumbua watu wa reli mpaka wakawa wanajificha wakiona baiskeli yako, na sasa imekuja na wewe hupo. Aliileta yule rafiki yako mwenye mvi anayepanda treni za Lubumbashi, siku zile treni inapokubali kutembea. Alinikabidhi mlangoni ndani ya mfuko wa unga, akavua kofia, akasema, "Monga njo alinilomba ii kaseti. Ninailetea mudogo yake." Halafu akakaa kwenye benchi letu akalia. Nikampa maji, nikakaa karibu naye.

Ninakuandikia kwa kalamu nyekundu kwa sababu ya bluu imekauka na shuleni hawajatugawia nyingine. Usiseme ninakusahihisha. Au sema tu, maana ndiyo kazi niliyokufanyia maisha yangu yote, kaka yangu.

Basi niyapange mambo yetu tangu mwanzo. Unayajua, lakini wewe na ukweli mlikuwa majirani wa kusalimiana kwa mbali, na leo nataka kila kitu kikae mahali pake, kwa sababu mwishoni nina neno la kukuambia kuhusu Sayo. Sayo wote wawili.

Unamkumbuka Madame aliyetufundisha Kifaransa, yule Mbelgiji mrefu aliyeendesha baiskeli na kofia ya majani. Alipofunga mizigo kuondoka Kamina aliniachia vitabu vinne vya picha kutoka Japani, vilivyogeuzwa Kifaransa, vidogo vya kuingia mfukoni. Nilivisoma mpaka gundi ikaachia. Humo ndimo nilimokutana na Sayo, msichana mbeba chumvi mwenye kovu kubwa kutoka jichoni mpaka kwenye taya, tangu nyumba yao ilipochomwa moto. Mdomo wake pilipili. Alimpenda Kenta, fundi wa taa za karatasi, mtu mpole ambaye wenzake wakisema maneno kumi yeye anasema moja. Na kulikuwa na Kapiteni Isamu, mkuu wa walinzi wa mji, mwenye upanga na kiburi, aliyemtaka Sayo kama mtu anavyotaka shamba la jirani.

Kisha mjomba wa Lubumbashi akakuletea televisheni, mashine ya video, na kaseti za hadithi ileile, sasa picha zinatembea na watu wanasema Kifaransa cha redioni. Kaseti zote isipokuwa ya mwisho. Ya kwanza tuliitazama wawili tu, mimi na wewe, na nilipiga kelele mpaka Papa akauliza nani ameumwa na nyoka. Kovu halikuwepo! Walikuwa wamemwosha Sayo uso, wakampa sauti ya ndege mdogo, na yale matusi yake mazuri wameyageuza vicheko. Kenta, Kenta wangu mpole, amekuwa mtu wa kuchekesha anayetumbukia kwenye ndoo. Kapiteni amekuwa mrefu, mzuri, na kila akiingia muziki unapigwa. Hata hatujafika nusu nilikwisha kujua wanataka Sayo aolewe na nani. Mtu akipigiwa muziki kila anapofungua mlango, harusi haiko mbali.

Wewe ulicheka tu. "Madame Kitabu," ukaniita, na jina hilo likaning'ang'ania mpaka leo, "weye unasoma peke yako. Minyi nitaonyesha bantu."

Na kweli ukawaonyesha. Jumamosi alasiri, blanketi zikiwa zimetundikwa kuzuia jua, mashine ya umeme ikinguruma nyuma ya jiko, watu wa mtaa wote wamejaa uwanjani katika lupango yetu mpaka wengine wanachungulia juu ya ua. Wewe ulikaa kwenye kigoda chako cha miguu mitatu ubavuni mwa televisheni, ukapunguza sauti yake mpaka ikawa mnong'ono, ukaweka ya kwako. Wenye Kifaransa cha kutosha walikuwa wachache. Wengine wote walimjua Sayo kwa mdomo wako. Na siku ile ya kwanza, wakati uso ule uliooshwa ulipojaa kwenye kioo, ulisema, "Mumuangalie muzuri uyu Sayo. Iko na kovu, kutoka ku jicho mpaka ku taya. Hamuione juu télé ni ya zamani."

Watu wakainama mbele, wakakunja macho. Mama Kalenga, jirani yetu, akapaza sauti, "Eee! Minaiona! Iko pale!" Baada yake kila mtu akaliona. Nilikaa pale nyuma nimeduwaa. Ulikuwa umenirudishia kovu langu bila kuigusa kaseti.

Lakini hukuishia hapo, wewe ulikuwa huishii popote. Katika kaseti ya pili baba yake Sayo anakufa, na ulisema wazi, kama kitabu kinavyosema, "Papa ya Sayo alikufa." Ulisahau uko mbele ya nani. Kwetu hapa mtu hasikii neno hilo akaendelea kukaa kwenye kiti. Mama Kalenga alivua viatu, akashuka chini, akaanza kulia kwa sauti. Mama wengine wakamfuata. Wanaume wakatoa kofia. Mtu akasema zima télé, nani anaangalia picha zinazocheza mahali pa kilio? Ikabidi Papa aitwe, karani wa kanisa mwenye miwani yake, na Papa, Mungu amweke, alisimama akamwombea Mjapani aliyechorwa kwa kalamu. Kesho yake Mama Kalenga alileta unga kwa ajili ya mjane. Unga huo tuliula sisi.

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekufa tena mdomoni mwako. Mtu akipigwa mshale wa kifua, akaanguka, akafumba macho, wewe unasema kwa utulivu kabisa, "Uyu anaenda Luena." Anapanda treni, anaenda Luena, basi. Watu walicheka kila mara, na hakuna aliyedanganyika, nadhani. Nilikuuliza mbona unawafanya wajinga. Ulisema, "Numbi, banakuya na bafu yabo, bantu balikufa, mu kichwa. Niongeze bengine?" Jibu langu lilikuwa kitabu cha nne tu, ambacho ndani yake Kenta anakufa, na wewe ulijua kwamba anakufa, kwa maana nilikusomea ukurasa huo mwenyewe, nawe ukanipokonya kitabu ukakifunga.

Nimewaza sana juu ya watu waliochukua hadithi ile kwenye karatasi wakaiweka kwenye kaseti. Zamani nilidhani ni waongo. Sasa naona kidogo walichokiogopa. Kitabu kikikuchoma unakifunga, unakwenda kuchota maji, unakifungua tena kesho. Kaseti haikungoji. Tena unasoma peke yako, lakini unatazama na watu, na mtu haoni haya kulia peke yake kama anavyoona akilia kati ya wengi. Basi wakakata kila kilichouma, kovu, matusi, kifo, wakamwoza msichana kwa yule ambaye uso wake unawapendeza wengi. Hawakumuuliza Sayo. Na wewe, Yaya, uliyejifanya mtetezi wake kwa kumrudishia kovu, hukumuuliza pia.

Maana kaseti tulizokuwa nazo ziliishia langoni mwa mji unaoungua, Sayo amesimama kati ya njia mbili, nywele zinapepea, halafu chenga kwenye kioo. Unazima. Halafu unamaliza kwa mdomo. Hapa mjini, mbele ya mama wa kanisa na walimu na makarani, Sayo aliolewa na Kenta, kwa gauni jeupe, kwaya ikaimba. Nani katika Wamethodisti wa Kamina angempa soda, askari wa bunduki, binti yake? Lakini Jumapili ulipofunga televisheni kwenye baiskeli ukaenda Base, kwa familia za askari waliotoka kila pembe ya nchi, ukasema nusu Kilingala nusu Kiswahili, kule Sayo aliolewa na Kapiteni. Alitolewa mbuzi, vitenge na baiskeli mpya. Kule hata ulimwongezea Kapiteni cheo.

Nikakuonya. Ukasema, "Aba beko mbali na baale. Habataonana."

Wakaonana. Sitaisahau siku ile hata nikizeeka nikasahau jina langu. Msichana mmoja wa Base alikuja mjini kumtembelea rafiki yake, akaingia na watu kuangalia, akakaa pale mbele na kitambaa chake cha kijani. Ukafika kwenye gauni jeupe na kwaya. Ghafla akasimama. "Boye te!" alipiga kelele, kwa Kilingala chao, si hivyo. "Ule alisha olewa! Iko na bwana yake kule ku Base! Balikula mbuzi!"

Ee Yaya. Uso wako. Ulijaribu kusema kwamba yule wa Base ni pacha wake, na msichana akakuita muongo mbele ya watu wote, "Bongo!" Mama Kalenga akasimama kumtetea Kenta. Mke wa askari mmoja akasimama upande wa Kapiteni. Wakagombana kweli, kama ndugu wa pande mbili kwenye kikao cha mahari, mmoja anauliza mbuzi wa watu watarudishwaje, mwingine anauliza kama ndoa ya kanisa inavunjwa na mbuzi. Papa akatoka nje na miwani yake. "Monga! Mwanamuke moja, bwana babili, mu lupango yangu?"

Ulikwenda Base kuomba radhi. Ukarudi tena kuomba radhi. Wewe hujawahi kuomba radhi hivyo kwa mtu yeyote. Mwishowe ajida mmoja wa jeshi, baba wa Bolumbu, maana ndilo jina la yule msichana na ndiyo radhi yenyewe ilivyoishia, alikukalisha mbele yake akakuuliza, "Mu sinema yako Kapiteni njo anaoa. Mu nyumba yangu, fundi ya télé njo anaoa?" Ukajibu nini, hujawahi kunieleza. Ninachojua ni kwamba alitoa binti yake, na kwenye harusi alicheza kuliko wote, na mimi nilicheza mpaka kisigino cha kiatu kikakatika.

Binti alipozaliwa mkamwita Sayo. Papa hakukubali kuandika jina la mtu wa kaseti kwenye daftari la ubatizo, akaandika Sara. Mpaka leo cheti kinasema Sara na mtaa wote unasema Sayo.

Halafu vita ya kwanza ikaja, na wengi wa kule Base wakaondoka kwa haraka, sufuria zikiwa bado motoni. Ajida na watu wake walipanda lori kuelekea magharibi. Bolumbu alikataa kupanda. Alikushika mkono na kusimama pale mpaka vumbi la lori likaisha, na tangu siku hiyo hajapata habari ya mama yake. Kisha vita ya pili, ndege juu ya mapaa, askari wenye lugha ambazo hata wewe hukuziweza, na watu waliokimbia Mulongo na vijiji vya mtoni wakalala katika madarasa yetu, nami nikifundisha chini ya mti wakati mvua inaruhusu. Esansi ya kuwashia mashine ya umeme ikakosekana. Watu walifikiri sinema imekwisha. Wewe ukaitoa televisheni, ukaiweka mahali pake, ukakaa kwenye kigoda, ukaanza kusema kando ya kioo cheusi. Na watu walikuja, Yaya. Walikaa wanakitazama kile kioo kisicho na kitu, na walicheka palepale walipocheka zamani. Siku hiyo nilijisikia fahari juu yako, sikukuambia. Nilisema tu kwamba umeruka ukurasa.

Kisha ukaenda Kinkondja na waendesha baiskeli wenzako kutafuta samaki. Baiskeli ilirudi. Kipindupindu kilikuchukua kule kando ya ziwa kabla wenzako hawajapata hata mtu wa kuwabeba kwa mtumbwi, wakakuzika palepale, wakatuletea shati lako na habari. Tulilala kilio chini, bila maiti, mahali ulipokuwa ukiweka televisheni. Sayo mdogo tulikuwa tumempeleka kwa mama yetu mkubwa, ng'ambo ya reli, asione. Aliporudi, mama yake alimbeba akamwambia, "Papa anaenda Kinkondja. Atarudia na samaki."

Ninamwelewa Bolumbu. Alisema ulivyokuwa ukisema wewe. Na mtaa mzima ukalishika neno hilo, Mama Kalenga, watoto wa shule, hata Papa wetu ambaye hadanganyi. Wote walijua namna ya kulisema, kwa sababu wewe uliwafundisha.

Lakini mtoto hakujua kucheka baada yake kama tulivyokuwa tunacheka sisi. Yaya, mtoto aliamini. Kila alasiri alibeba kigoda chako mpaka kwenye barabara ya Kinkondja, akakaa, akauliza kila mwenye baiskeli. Akaacha kula samaki. Wa sokoni, wa kupewa, wote alisukuma sahani. "Ninangoja ya Papa." Unajua nyumba yetu ina nini zaidi ya ugali na samaki siku hizi. Hakuna. Alikonda mpaka gauni lake la kanisa likawa linaanguka begani. Mtoto wa jirani alipomwambia baba yako alikufa, alimpiga na kigoda. "Papa alisema bantu habakufe! Banaenda safari!"

Nilimwambia Bolumbu tumwambie. Tuligombana jikoni, sisi ambao hatukuwahi kugombana. "Weye na bitabu yako," alisema. "Bitabu inaua bantu. Acha mutoto." Na mimi nilimwambia neno baya, kwamba yeye ndiye anayengoja, si mtoto. Alilia, nikalia, ugali ukaungua.

Ndipo kaseti ikafika.

Mjumbe wa kanisa alitupatia esansi kidogo. Niliitazama kwanza peke yangu, asubuhi, mlango umefungwa. Nikuambie kilichomo, maana umeingoja sana. Mji unaungua. Kapiteni anakuja juu ya farasi, muziki unapigwa kuliko siku zote. Anampandisha Sayo, uso wake safi kama sahani, wanabusiana, jua linachomoza. Mwisho. Na Kenta? Hakuna Kenta. Hawakumuua, hawakumtaja. Walimsahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli kwa rafiki.

Kitabu cha nne kinasema Kapiteni alikuwa wa kwanza kukimbia. Kenta alirudi kulishika lango mpaka watoto wa mji wapite, lango likamwangukia. Sayo hakuolewa na mtu. Kwenye ukurasa wa mwisho anatundika taa ya Kenta pale palipokuwa lango, na mwanga unaangukia kovu lake.

Jumamosi watu walijaa kuliko zamani. Walikuwepo wa mtaa, walikuwepo waliokimbia Mulongo, kila mmoja na mtu wake aliyekwenda Luena. Bolumbu alikuwa amenifuata jikoni kabla ya hapo. "Numbi, useme sawa Monga alikuwa anasema." Nilikwenda nikamwomba mtoto kigoda chako. Aliniangalia sana, kisha akakiweka mwenyewe ubavuni mwa televisheni, akarudi kukaa kati ya magoti ya mama yake.

Nilipunguza sauti. Niliwasimulia moto, niliwasimulia moshi, Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, kimenyooka, watu wakavumilia. Farasi akatokea. Nikasema, "Anayekuja ni Kapiteni." Akampandisha. Muziki ukasikika hata kwa sauti ile ndogo. Na Sayo wetu akaniuliza mimi shangazi yake, "Tantine, Kenta iko wapi?"

Walinitazama wote. Walikwisha kulijua jibu, walikuwa wanalingoja, nililiona limekaa kwenye midomo yao. Treni ya Luena. Nilimtazama mtoto, mabega yake yale. Nikasema, kwa lugha yenu, si ya darasani, "Kenta alikufa. Hakuende Luena. Alishika mulango juu batoto bapite, na alikufa kule, na bakamuzika kule. Hatarudia."

Bolumbu akasimama. Niliiona ile siku ya kitambaa cha kijani, nikajua atasema "Boye te" na mbele ya watu wote ataniita muongo, na pengine nitakubali. Halafu akavua kiatu kimoja. Akavua cha pili. Akashuka chini na mtoto mapajani, akamshika uso kwa mikono miwili, akamwambia kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Papa alikufa, Sayo. Ni vile. Papa yako alikufa."

Mama Kalenga akavua viatu. Kisha wote. Mama wa Mulongo wakashuka chini, wakaanza kuita majina ya watu wao, mmojammoja, majina ambayo hatukuwahi kuyasikia tangu walipofika. Kapiteni alikuwa bado anabusu kwenye kioo na hakuna aliyemtazama. Sayo alilia, Yaya. Alilia kilio kile tulichomnyima, mpaka akachoka. Kisha akainua uso uliolowa, akaona picha, akanyoosha kidole. "Na uyu Kapiteni? Iko anafanya nini?"

Nikamwambia, "Haiko pale. Télé ni ya zamani njo inamuonyesha."

Akakunja macho, akatazama vizuri. "Eee," akasema. "Haiko."

Kesho yake alikirudisha kigoda ndani, akakiweka chini ya meza. Jioni hiyo alikula samaki wa sokoni, akalalamika kwamba wana miiba mingi. Bolumbu alinitazama juu ya sufuria. Tunapika pamoja tena, na amenipa kile kitambaa cha kijani nimshonee mtoto.

Base wamesikia. Wananiita niende na kaseti, askari wa sasa na wake zao. Nitakwenda, na ninakuahidi, Yaya, Sayo watakayemwona kule ni huyuhuyu wa hapa, mwenye kovu, mwenye mdomo, na Kenta aliyekufa atakuwa amekufa. Sitampandisha mtu yeyote treni tena. Vita ikitulia nitakwenda Kinkondja na binti yako, atundike taa pale ulipolala. Nimeanza kumfundisha kukunja karatasi.

Lakini kuna jambo moja nitaliacha kama ulivyolisema wewe. Kitabu kinasema Sayo na Kenta hawakuoana. Nimekisoma kitabu hicho kuliko mtu yeyote katika Kamina, na hapo nakikatalia. Kabla ya lango, kabla ya moto, nitawaoza, kwa gauni jeupe, na kwaya, na ajida anayecheza. Mimi nilikuwepo. Kiatu changu hakina kisigino mpaka leo.

Lala, Yaya yangu. Ni mimi, mudogo yako, Madame Kitabu.

Numbi